Maneno Uliyoyaacha Ndani ya Mashine

Mwanangu Paskali,

Barua tulizofundishwa shuleni zilianza kwa kuuliza hali: hujambo, waonaje, mimi huku ni mzima. Nilikuandikia hivyo miaka yote uliyokuwa masomoni ng'ambo, na wewe ulinijibu hivyo hivyo, hata ile mara uliyovunjika kidole ukaandika kwa mkono wa kushoto na kusema huna neno. Leo sina la kuuliza. Hali yako naijua. Uko pale kwenye makaburi ya misheni, na udongo umeanza kushuka. Hali yangu nayo, afadhali usiijue.

Nakuandikia kwa sababu ya ile mashine. Wako watakaoisoma barua hii ambao hawakukujua, kwa hiyo vumilia nikieleza mambo ambayo wewe ulinieleza mimi.

Ulirudi wakati sabuni ilikuwa haionekani madukani. Nilikupokea stendi na kanga niliyoifua kwa majivu, nikaona aibu, ukainusa ukasema, "Inanuka nyumbani." Ulikuwa umepangiwa ofisi ya mradi wa ardhi na maji hapa Babati. Wafadhili walileta kompyuta kubwa kama kabati la nguo, ya kufanyia hesabu za mvua na udongo. Wao wakaondoka, mashine ikabaki, na hakuna aliyeijua. Ulikuja kwa ajili yake, na kwa ajili yake tu. Jioni ya kwanza, tukila ugali wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, ambao ulijitahidi kuusifu, uliniambia, "Mama, hii ikifa wananipeleka Dar es Salaam. Kule ndiko ziliko nyingine."

Baba yako alikuwa ameshazikwa. Mdogo wako alikuwa ameshazikwa. Nilikuwa na wewe. Basi tangu jioni hiyo, nikimaliza rozari na kuwaombea marehemu, niliiombea mashine. Jirani yetu Mama Yakobo alinisikia akacheka mpaka akakaa chini.

"Mama Paskali, unaombea bati?"

"Naombea kamba inayomfunga mwanangu hapa," nikamwambia. "Ikiwa ya bati, basi ni ya bati."

Yule mzee wa Kibarbaig aliyetuletea maziwa naye hakukuacha. "Mnyama wenu huyu," alikuambia, "analala chumba chenye feni, anakunywa dizeli, na maziwa hatoi. Mchinjeni." Ukamjibu, "Mzee, huyu akichinjwa, nami nahama." Akatafakari, akageuza fimbo yake. "Basi mlisheni." Tulicheka wote watatu pale mlangoni. Naikumbuka asubuhi hiyo kuliko siku ya ubatizo wako.

Lakini mnyama alikuwa mgonjwa. Ugonjwa wake ulikuwa kwenye kumbukumbu, pale anapoweka hesabu anayoifanya sasa hivi. Vile vibao vya kumbukumbu vilikuwa vimechoka kwa joto na kwa umeme wa jenereta unaokuja na kukatika. Vibao vipya vilinunuliwa kwa fedha za kigeni, na fedha za kigeni hazikuwapo, kama vile matairi hayakuwapo, na betri za redio, na vidonge. Uliandika kuomba. Ukajibiwa msubiri. Ukaamua kuifundisha mashine kuishi na ugonjwa wake mpaka vibao vitakapokuja.

Jioni moja nilikuwa nachambua maharage kwenye ungo. Ulivuta kigoda ukaanza kuchambua na mimi, nikajua una jambo, maana kazi hiyo uliikimbia tangu utotoni. Ukaniambia kwamba kila kitu mashine inachokiweka kwenye kumbukumbu inakiweka pamoja na ushahidi mdogo pembeni. Ikija kukisoma, inauuliza ushahidi. Ushahidi ukikubali, kazi inaendelea. Ukikataa kidogo, mashine inaweza kujua ni wapi palipogeuka na kupasahihisha. Ukikataa sana, haiwezi. Inajua tu kwamba imeharibikiwa.

"Sasa ubaya uko wapi, kama inajisahihisha?"

"Ubaya ni kwamba inanyamaza." Ukashika punje moja iliyooza. "Ukiikuta hii unafanyaje?"

"Natupa."

"Ukiikuta nyingine kesho, gunia lile lile, pembe ile ile?"

"Naangalia paa."

Ukajipiga paja. "Hapo, mama! Yetu haiangalii paa. Inatupa punje, inasahau. Inatupa, inasahau. Siku gunia zima likioza ndiyo inaanguka, na kazi za watu wote zinaanguka nayo."

Ulisema kwamba kati ya programu zote za mashine iko moja inayozitawala nyingine, na moyo wa hiyo uliuita kiini. Kiini ndicho kinachogawa nafasi: wewe kaa hapa, wewe kaa pale. Kilipewa taarifa ya kila kosa lakini hakikuandika lolote. Makosa madogo kilipuuza. Kubwa likija kilizima kila kitu, hata kama limegusa kazi moja tu ya pembeni. Ulikuwa umerudi na mkanda wenye maandishi ya kiini hicho, mstari kwa mstari, na ukakusudia kukifundisha adabu nyingine: kosa lolote, hata lililosahihishwa, liandikwe pamoja na mahali lilipotokea.

Adabu hiyo ilikuponza mara ya kwanza. Mahali pamoja palipougua, mashine ilikuwa inapasoma tena na tena kwa kasi ambayo mtu hawezi kuihesabu, na kila ikisoma iliandika. Wewe ulikuwa umekuja nyumbani kula. Selina, binti aliyekuwa akiiendesha pamoja nawe, alisimama mbele ya kile kichapishi kinachotoa maandishi ya mashine, hajui akishike wapi. Uliporudi, sanduku zima la karatasi lilikuwa sakafuni, limeandikwa jambo moja kutoka juu mpaka chini.

Meneja wa mradi akaja mbio. "Paskali! Karatasi hizi nilizipata kwa kupiga magoti! Sasa ripoti ya mkoa niiandike kwenye majani ya mgomba?"

Selina akamjibu kabla yako. "Ilikuwa inalia kama mfiwa, bwana meneja. Ningeizibaje mdomo?"

Ulinisimulia ukicheka, lakini usiku ule hukula. Baadaye ulipanga hivi: kilio cha kwanza cha mahali kiandikwe, vinavyofuata pale pale vihesabiwe kimya, halafu jumla yake itajwe kwa mstari mmoja. "Mfiwa tumeshamsikia," ulisema. "Hakuna haja atangaze kila pumzi." Nilicheka. Leo nisingecheka.

Siku chache baadaye uliniuliza jambo ambalo nyinyi vijana hamuulizi. Uliuliza habari za ule wakati mdogo wako Theresia alipokufa, wewe ukiwa bado mdogo wa kutokumbuka. Nilidhani unataka kujua alifananaje, nikaanza kukuambia juu ya nywele zake. Ulinisikiliza kwa heshima mpaka nikamaliza. Ndipo nikaelewa kwamba ulichotaka ni sheria.

Sisi Wairaqw, kabla serikali haijapiga marufuku, nyumba iliyofiwa na mtoto namna ile ilikaa peke yake. Hatukuomba moto kwa jirani. Hatukunywa kwenye kibuyu cha mtu. Njia yetu ya kwenda kuchota maji ilikuwa nyingine, na watu walitusalimia kwa mbali.

"Watu walijuaje wasije kwetu?"

"Waliambiana."

"Na mgeni?"

"Alizuiwa njiani na mtu wa kwanza kumwona."

"Vitu vya watu vilivyokuwa kwetu?"

"Tulikuwa na mbuzi wawili wa mjomba wako. Walichukuliwa kwanza."

"Nyumba haikubomolewa?"

"Kwa nini ibomolewe? Ilibaki ilipo. Watu waliizunguka."

Kisha ukasema, "Asante, mama," kama mtu aliyepewa kitu mkononi.

Hivyo ndivyo ulivyokifundisha kiini. Mahali pakikosea mara moja, panaandikwa na kuachwa, maana vumbi na joto vina siku zao. Pakikosea tena, kilichomo kinahamishwa kwanza kwenye mahali pazima, halafu pale panatengwa, na kiini hakimpangi mtu hapo tena. Majina ya mahali palipotengwa yaliwekwa kwenye diski, ili dizeli ikiisha na mashine ikazimwa, ikiamka ijue ni wapi pa kuzunguka. Na kosa lisilosahihishika likiangukia kazi fulani, kazi hiyo peke yake inazimwa, nyingine zinaendelea.

Nikakuuliza, "Na waliotengwa wanarudi lini?"

"Hawarudi."

"Mtu hatengwi milele, Paskali. Muda ukiisha anasafishwa, anarudi kwa watu."

Nilisema tu kama mama anavyosema. Lakini wewe nafasi ilikuwa inakuishia, mashine inazidi kuwa finyu, na neno langu likakuingia. Ukaweka muda. Ukiisha, kiini kilipajaribu mahali palipotengwa, kikiandika na kusoma, na palipofaulu palirudishwa. Wengi walirudi wazima, na ukawa unakuja nyumbani unapiga mluzi. Halafu mmoja akafaulu jaribio asubuhi kukiwa na baridi, akaharibika mchana jua lilipowaka, kosa kubwa ambalo ushahidi haukuweza kulisahihisha. Kazi iliyokuwa hapo ikazimwa katikati. Zilikuwa hesabu za mvua ambazo Selina alikuwa amezichapa wiki nzima. Akaanza kuzichapa upya kutoka mstari wa kwanza, na hilo lilikuuma kuliko kelele za meneja.

Ulifika nyumbani ukakaa hujavua viatu. "Mama, mashine haina utakaso."

Ukaifuta sheria ile. Aliyetengwa akabaki ametengwa. Hukunilaumu hata kidogo, wala sidhani ulikuwa na lawama moyoni. Ulisema tu kwamba wazima waliorudi walikuwa wengi, ila yule mmoja alitosha.

Nilipokuletea chakula ofisini ulinionyesha maneno yaliyokuwa yakitoka kwenye karatasi. Nilitarajia Kiingereza. Nikakuta:

NIMEKOSEA. NIMESAHIHISHA.

Chini yake, pamoja na namba ya mahali:

NIMEKOSEA TENA PALE PALE. NAPATENGA.

"Mbona ni Kiswahili?"

"Waliotengeneza mashine hawatakuja kuyasoma. Watayasoma Selina na wewe."

Ulinionyesha na maneno ambayo yalikuwa hayajatoka hata siku moja, uliyoyaandika kwa ajili ya siku kosa litakapokipata kiini chenyewe: KOSA LIMENIPATA MIMI. NASIMAMA NISIJE NIKASEMA UONGO.

"Ikifika hapo?"

"Hapo nafunga mizigo, mama."

Kuanzia siku hiyo niliomba kwa kutaja. Sikuombea mashine kwa jumla tena. Niliomba kosa liangukie popote Mungu anapotaka, lisiangukie kiini. Na Mungu alinisikia, Paskali. Mashine ilipungua, ikapungua, ikawa inafanya kazi moja moja kama mzee anayepanda mlima, lakini haikuzimika. Barua ya kukuhamisha haikuja. Ulikuwa unarudi jioni, unavua shati, unauliza kuna nini jikoni. Kulikuwa hakuna kitu jikoni, sukari hakuna, mafuta hakuna, na mimi nilikuwa tajiri.

Homa ilikukuta wakati wa mvua. Mama Yakobo alileta vidonge vilivyosalia kwa watoto wake, vichache, akaomba radhi kwa uchache wake. Ukainuka, ukaenda kazini, ukarudi unatetemeka. Hospitali walikupokea vizuri, siwezi kusema vingine. Mganga alinivuta pembeni, naye alikuwa amechoka, macho mekundu. "Mama, dawa inayomfaa hatuna. Labda Arusha." Gari la mradi lilikuwa limewekwa juu ya mawe, halina matairi. Meneja mwenyewe alitembea soko zima kutafuta lori, akapata moja la mahindi litakaloondoka kukipambazuka. Hukulisubiri. Neno lako la mwisho nililoweza kulielewa lilikuwa, "Selina asizime feni."

Kama ungekuwa Dar es Salaam. Nalala na maneno hayo na kuamka nayo. Kule ziko hospitali kubwa. Kule labda ingepatikana chupa moja. Mashine ingekufa mapema, ungefunga mizigo, ningelia stendi, na leo ningekuwa mama mpweke anayengoja barua. Niliomba ubaki Babati. Umebaki.

Watu walijaa. Waliimba, walipika walichokuwa nacho, walinishika mikono, kila mkono wangu ukawa wa mtu mwingine. Walifanya wema wote ambao watu wanaweza kufanya. Mimi nilitamani wanizunguke. Nilitamani njia yangu ya maji iwe nyingine, nisalimiwe kwa mbali, nisiombwe moto wala chumvi. Serikali ilikataza mambo yale na kanisa likashukuru, na najua sababu, maana wako walioteseka nayo. Mimi mwenyewe niliteseka. Lakini wakati ule angalau dunia nzima ilijua ni wapi palipoharibika. Siku hizi mfiwa anaulizwa baada ya muda mfupi, "Umezoea?" Najibu ndiyo. Naenda sokoni, napunguziwa bei, narudi.

Aliyenishikilia ni Selina. Alikuwa anapita nyumbani akitoka kazini, na vipande vya karatasi ndani ya kikapu.

"Shikamoo, mama. Amesema leo."

"Marahaba, mwanangu. Amesemaje?"

"Amekosea mahali. Amesahihisha."

Nilivichukua nikavisoma, na nilivisoma kwa sauti yako, ile ya kusema upesi mwishoni mwa sentensi. Najua ni mashine. Sikuchanganyikiwa. Lakini maneno yalikuwa yako, uliyachagua wewe, uliyaandika ukijua nitayasoma. Kila palipoharibika, wewe ulitokea kwa mstari mmoja. Siku nyingine Selina alileta viwili. Siku nyingine alisema, "Leo ametenga," nasi tukajua kwamba nafasi imepungua tena.

Wiki iliyopita sanduku limefika. Ile barua uliyoiandika, uliyojibiwa msubiri, imepita mikono kwa mikono mpaka ikakubaliwa. Wanasema mambo yameanza kulegea, bidhaa zinaingia. Vibao vipya, vimefungwa kwenye mfuko unaong'aa. Kijana mmoja alitoka navyo Dar es Salaam, akavifunga mchana mmoja tu. Alikuja nyumbani kunipa pole. Alinyenyekea, akanywa chai isiyo na sukari bila kukunja uso. "Mama, kazi ya mwanao nimeisoma usiku kucha," aliniambia. "Sikuiondoa hata mstari. Imo ndani vile vile." Nilimshukuru. Nilimwona ana umri wako, na shingo yako, nikaomba aondoke upesi.

Jana Selina alipita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Amesemaje?"

Akaangalia kikapu chake. "Hajasema, mama. Tangu juzi hajasema. Mashine ni nzima."

Ofisini wamefurahi. Meneja amepata ripoti zake zote kwa siku moja na amenunua soda za wafanyakazi, soda zimeonekana. Leo nilikwenda, nikasimama mlangoni. Chumba kina ubaridi, feni inazunguka, kichapishi kimetulia na karatasi nyeupe mdomoni. Kila kitu ulichokitaka kimetimia. Ulichokifundisha kiini kimo, kiko macho, kinangoja kosa, na kosa haliji. Wataalamu wanasema vibao hivi vitadumu miaka mingi. Mimi nitakuwa nimeshaondoka.

Nilipokuwa pale mlangoni nilijikuta nimeshika rozari. Nilitaka kuomba kosa. Dogo tu, Paskali, la namna ile inayosahihishika, mahali pamoja, mara moja, lisilomuumiza mtu wala kumpotezea Selina kazi yake. Nifumbue macho nione umeandika.

Sikuomba. Niliirudisha rozari mfukoni nikatoka nje. Naziogopa sala zangu.

Pumzika, mwanangu. Hapa sina jipya la kukuambia, na usiku ukiingia sina la kufanya.

Mimi mama yako